Nguo Tuliyoiita Taulo

Siku ya kustaafu, nilipokabidhi kadi ya mlango wa ghala, kijana wa ulinzi aliniuliza kama nimesahau kitu chochote ndani. Nikamwambia nimeacha macho yangu mazuri. Hakucheka, kwa hiyo nikasema hapana, sijasahau kitu, nikatoka kwenda kupanda treni kama siku nyingine yoyote.

Ninyi mliobaki kule, hasa ninyi ambao tulikuwa tukisalimiana kwa Kiswahili koridoni ili tuulalamikie ubaridi wa ghala bila kueleweka, mmeniomba niandike niliyoyaona. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Zina watu wake wa kuzitunza, na hazijawahi kumfurahisha msomaji. Nitaandika kuhusu meza, sindano, na watu wawili walionifundisha kazi. Mmoja wao hakuwahi kuajiriwa na jumba letu la makumbusho hata siku moja.

Nilikuja Stockholm kutoka Voi, ambako nilikuwa mwalimu wa ushonaji na sayansi ya nyumbani katika shule ya wasichana. Mume wangu, Mwakio, alikuwa mwanafunzi wa uhandisi. Tulipata nyumba Hagsätra, mwisho kabisa wa reli, na niko huko hadi leo. Nilijifunza Kiswidi, nikarudi shule kusomea uhifadhi wa nguo za kale, kisha nikachukuliwa na karakana ya nguo ya jumba la makumbusho, kwa majaribio. Kanisani watu walipouliza ninafanya kazi gani, Mwakio aliwaambia ninashonea nguo watu waliokwisha kufa. Hakuwa amekosea sana.

Siku ya kwanza nilivaa vizuri mno. Nilikuwa na gauni jipya, mkufu, saa na pete. Mkuu wa karakana, mwanamke mrefu mwenye mvi aitwaye Birgitta, alinipa mkono, akanitazama, akaleta kisahani na kuniambia niweke humo kila kitu kinachong'aa. Kitu kinachong'aa hukwaruza, alisema, na nyuzi kuukuu hazisemi zikiumia. Kisha akaniambia nimwite Birgitta.

Hapo ndipo nilipokwama. Kwetu mtu wa umri ule hana jina mdomoni mwangu. Ana heshima ya umama, ushangazi au ualimu. Kwa wiki kadhaa sikumwita chochote. Nilipokuwa na swali nilizunguka meza nzima mpaka nisimame mbele yake, ndipo niseme. Siku moja aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nina maradhi ya miguu.

Hakunipa nguo ya jumba la makumbusho. Alinipa shuka kuukuu la kitandani lililochanika, sindano iliyopinda kama ukucha wa paka, na uzi wa hariri mwembamba kama unywele. Kazi yangu ilikuwa kuliegemeza lile tundu kwenye kitambaa kipya kwa mishono midogo. Nilipomaliza, nikajiona fundi. Birgitta akaweka kioo cha kukuzia, akatazama, akaanza kufumua.

"Uzi wako una nguvu kuliko nguo," alisema.

"Si ndiyo maana ya kushona?"

"Nyumbani kwako, ndiyo. Hapa, siku uzi wako na nguo hii vitakapovutana, lazima kimoja kikatike. Hakikisha ni uzi wako."

Nilishona na kufumua shuka lile mpaka nikalichukia, kisha nikalizoea. Lakini maneno yale nimeyatumia kila siku ya kazi yangu, na nikisema ukweli, nimeyatumia hata katika kulea watoto.

Mambo mengine niliyajua polepole. Kwamba nguo mpya ikifika, kabla ya kuifungua, tunaifunga kwa plastiki na kuiweka kwenye friza kubwa ili viwavi wa nondo wafe. Niliwahi kuwaeleza akina mama wa kanisa kwamba nimemweka askofu kwenye friza, nikimaanisha joho lake, na maelezo yakachukua jioni nzima. Kwamba kahawa hunywewa chumba cha mbali, na mtu akiingia na kikombe karakanani huangaliwa kama ameingia na mbuzi. Kwamba hatugusi bila glavu. Na kwamba nguo yenye madoa huachwa na madoa yake, kwa sababu maji yakishaingia hayarudishiki. Birgitta hakuwahi kufua hariri ya kale. Alikuwa ameona hariri ikigeuka uji mikononi mwa mtu, na hakutaka kuona tena.

Sasa niwaambie kuhusu lile boksi.

Lilitoka katika nyumba ya muuguzi wa Kiswidi aliyefariki, ambaye ujanani alifanya kazi hospitalini huko Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Ndugu zake walilikuta kwenye chumba cha chini ya nyumba, mahali ambapo maji yalikuwa yameingia, wakatuletea. Ndani mlikuwa na vazi la mwanamke la vipande viwili, la hariri ya rangi ya dhahabu iliyofifia, lenye maua mekundu na mistari ya kahawia pale maji yalipokauka. Chini yake palikuwa na kitambaa cheupe cha pamba, chembamba na kirefu, chenye ukingo mwekundu pande tatu na maua mekundu ya kufuma upande mmoja. Aliyepokea boksi aliandika kuhusu kitambaa kile: taulo, haijamalizika.

Wakati huo tulikuwa tukiandaa maonyesho ya nguo zinazotolewa zawadi duniani kote, na wakati huohuo wakubwa walikuwa wametuambia ghala limejaa. Vitu visivyo na habari yoyote vingeondolewa. Nguo hizi mbili zilikuwa na njia mbili mbele yake, ama zionyeshwe, ama ziondoke. Birgitta alinipa mimi jukumu la kutafuta habari zake. Alisema nina uso wa kuuliza watu.

Nilianza na duka la viungo la Sundbyberg, karibu na stesheni, kwa sababu mwenyewe ni Mhindi na mimi hununua iliki kwake. Nikamwonyesha picha.

"Mama, mimi ni Mpunjabi," alisema. "Kutoka kwetu hadi Assam ni mbali kuliko unavyodhani. Lakini hapo juu kuna mama mmoja anatoka huko. Binti yake hununua mchele hapa. Huyo mama mwenyewe haongei na mtu."

Binti aliitwa Rupali, mhandisi wa kompyuta. Aliifungua picha kwenye simu yangu akiwa amesimama mlangoni, kisha akavuta mlango nyuma yake ili mtu wa ndani asisikie. Tuliongea Kiswidi.

"Ninamjua mtu anayeweza kukueleza kila uzi hapo," alisema. "Ni mama yangu. Ila tangu majani ya miti yaanguke kabla ya baridi hajasema na mimi neno lisilohusu chakula. Nilimleta baada ya baba kufa. Anakaa dirishani. Anataka tiketi arudi, na kule nyumba imefungwa, hakuna wa kumwangalia. Ukiweza kumfanya atoke nje ya mlango huu, hata kwa saa moja, nitakushukuru."

Nikamuuliza nimwite nani mama yake, maana jina peke yake lingenikwama tena. Akatabasamu. "Mwite Baideo. Maana yake dada mkubwa."

Baideo alikuja karakanani siku ya theluji, mwanamke mdogo wa mwili, koti la binti yake likimfika miguuni. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Nilikuwa nimetandaza kitambaa cheupe mezani juu ya karatasi safi na kuweka glavu pembeni yake. Hakuziona glavu. Alikinyanyua kile kitambaa kwa mikono yote miwili, mitupu, akakigusisha kwenye paji la uso, akafumba macho. Nikasikia Birgitta akivuta pumzi kando yangu. Hakusema neno, na kwa mtu kama yeye ule ulikuwa ukarimu mkubwa.

Kisha Baideo akauliza kitu. Rupali akatafsiri.

"Anauliza ni nani aliyefariki, mpaka gamosa yake ikawekwa kwenye boksi."

Ndivyo tulivyojua jina la kitambaa kile. Tukamweleza habari ya muuguzi. Baideo akasema basi mama yule alipendwa, kwa sababu gamosa ya maua hainunuliwi ukajipa mwenyewe. Unavishwa shingoni na mtu. Mgeni huvishwa, mzee huvishwa, mwalimu huvishwa. Katika nyumba ya sala hutandikwa chini ya kitabu kitakatifu. Majira ya kuchipua, katika sikukuu yao ya mwaka mpya iitwayo Bihu, mwanamke huwapa watu wake gamosa alizofuma kwa mkono wake, na vijana wanaocheza ngoma hujifunga kichwani. Na haikukosa kumalizika. Ukingo mwekundu pande tatu, maua upande wa nne, ndivyo ilivyo. Aliyeandika kwamba haijamalizika alikuwa akisubiri ukingo ambao hakuna aliyewahi kuufuma.

Birgitta, ambaye alikuwa akiandika haraka, aliinua kichwa. "Kwa hiyo si taulo."

Rupali alipotafsiri, mama yake akacheka. Nilimwona binti akigeuka kumtazama kana kwamba kuna mtu ameingia chumbani.

"Ni taulo pia," Baideo alisema. "Mume wangu alijifutia kila asubuhi akitoka mtoni. Isiyo na maua ya kujifutia, yenye maua ya kumheshimu mtu. Lakini ni nguo ileile. Mtu unayempa heshima, si ndiye huyohuyo anayelowa?"

Nilikaa chini niliposikia hivyo. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi vya nguo, lakini pale nilifikiria leso za mama yangu, zile khanga, jinsi leso moja ilivyombeba mdogo wangu mgongoni, ikafuta meza, ikafunika maiti ya bibi yetu, na hakuna siku aliyojiuliza kama ni kitu cha heshima au cha jikoni. Nikamweleza Baideo kuhusu leso. Akauliza maswali mengi, zinafumwa au zinachapwa, wanawake wananunuliana au wananunuliwa, kwa nini ziwe mbili mbili. Tangu siku ile alianza kuniita Bhonti, mdogo wangu wa kike. Mimi nilikuwa mwanamke wa makamo mwenye maumivu ya mgongo, lakini nilifurahi.

Kisha tukafunua vazi la dhahabu.

Vipande vyake viwili vina majina yake. Sketi ya duara ni mekhela, na mtandio mrefu unaochomekwa kiunoni na kupitishwa begani ni chador. Hariri yenyewe ni muga, na ile dhahabu si rangi iliyotiwa. Kiwavi huitoa hivyo. Baideo alisema viwavi wa muga hawakubali kufugwa ndani. Huishi nje juu ya miti, na watu hushinda chini ya miti hiyo wakifukuza ndege na nyigu, mpaka viwavi wateremke wenyewe wakiwa tayari kujifunga ndani ya nyuzi zao. Mama yake alimfundisha kuvuta nyuzi kutoka kwenye maji ya moto akiwa bado hajafika begani kwake. Hapo kijijini, alisema, kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, kilikuwa barazani kwa kila nyumba, na mgeni akipita njiani alijua ni wanawake wa namna gani wanaishi ndani kwa kusikiliza mlio wake.

Aligusa alama za maji kwa kidole. "Kwa nini hamjaifua?"

Rupali alitafsiri kwa sauti ndogo, kama anayejua anapeleka maneno mabaya. Birgitta akajibu kwamba hariri ya kale haifuliwi.

"Hariri nyingine, labda," Baideo alisema. "Muga hupenda maji. Kila ukiifua inang'aa zaidi. Ya bibi yangu ilinifikia mimi ikiwa nzuri kuliko alivyoivaa yeye."

Walitazamana, wanawake wawili wenye mvi, kila mmoja akiwa ameishi maisha mazima kwa kufuata alichokisema. Mimi nilikuwa katikati. Jambo hili si la kuamuliwa kwa adabu. Kama tungeifua na ikaharibika, basi imeharibika milele, tena mali ya umma. Kama hatungeifua, mkuu wa maonyesho alishasema hawezi kuweka nguo yenye madoa namna ile ukumbini, na tulijua nini kingefuata.

Tulifanya tunachofanya siku zote tusipojua. Tulijaribu mahali padogo. Nilichukua tone moja la maji yasiyo na madini, nikaliweka kwenye pindo la ndani la mekhela, nikalifyonza kwa pamba. Pamba ikatoka na kahawia hafifu, na uzi chini yake ukabaki mzima, umejaa mng'ao. Baideo akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndivyo alivyotarajia. Birgitta akaomba kioo, akatazama, akaniambia nirudie. Nikarudia. Matokeo yalikuwa yaleyale.

"Sasa ua," alisema Birgitta.

Baideo alisema hakuna haja, nyekundu ya kwao haichuji. Niliweka tone kwenye ua dogo kuliko yote, nikagusisha pamba. Pamba ikawa ya waridi. Sote tuliona. Baideo aliichukua ile pamba mkononi mwangu, akaisogeza dirishani penye mwanga, akaiangalia muda mrefu.

"Hii nyekundu imetoka dukani," alisema mwishowe. "Mama yangu asingeitia." Kisha akamgeukia Birgitta moja kwa moja, si binti yake. "Umefanya vizuri kuuliza ua."

Birgitta alijibu, "Na wewe umefanya vizuri kuuliza dhahabu."

Wiki zilizofuata ndizo nzuri kuliko zote nilizofanya kazi. Tuna meza yenye matundu madogo na pampu chini yake, ile mnayoiita mashine ya kahawa kwa sababu ya mlio wake. Nguo hulazwa juu, unadondosha maji tone kwa tone kwa brashi laini, na meza inayanyonya kabla hayajasambaa. Tuliyafunika maua kwa karatasi kavu na kusafisha dhahabu katikati yake, kipande baada ya kipande. Baideo alikuja kila siku. Alijifunza njia ya pendeltåg, treni ya mjini, peke yake, na Rupali akaacha kumpigia simu kila kituo. Hakuigusa ile brashi, ila ndiye aliyetuonyesha uelekeo wa uzi, mahali ambapo mfumaji alikuwa amechoka, mahali alipobadilisha kidonge cha uzi, mahali alipokosea akarudi nyuma. Aliisoma nguo ile kama unavyomsoma mtu unayeishi naye. Mfumaji alikuwa mwanamke anayetumia mkono wa kushoto, alisema, tena mwenye haraka. Sijui kama ni kweli. Lakini baada ya hapo sikuweza kuitazama bila kumwona.

Tukisubiri kipande kikauke tulikwenda chumba cha kahawa, na huko alituhadithia, Rupali akitutafsiria kwenye simu. Zamani, alisema, wanaume walipoitwa vitani, wanawake walisokota pamba, wakafuma na kukamilisha nguo kwa usiku mmoja, kabla jua halijachomoza, ili mpiganaji aondoke amevaa kitu ambacho hofu haikupata muda wa kuingia ndani yake. Birgitta alimuuliza kama anaamini ilimkinga mtu. Baideo akafikiri. "Sijui kuhusu mtu aliyeivaa," alisema. "Waliofuma, naamini iliwakinga. Ungefanya nini kingine usiku kama ule?"

Siku tulipoinua vazi kutoka mezani, hata mtu wa umeme aliyekuwa akibadilisha taa alishuka kwenye ngazi yake akaja kuangalia. Sina neno la rangi ile. Si ya dhahabu ya pete, haina kiburi hicho. Ni kama asali iliyo kwenye mwanga wa asubuhi. Alama za maji zilikuwa zimefifia mpaka ilikubidi uambiwe zilipokuwa. Birgitta alivua glavu moja. Nilifanya kazi naye miaka mingi, na ile ndiyo mara ya pekee niliyomwona akigusa nguo ya ghala kwa kidole kitupu. Aligusa, akavaa glavu yake, akasema twende tukanywe kahawa.

Vazi liliingia kwenye maonyesho na gamosa kando yake. Maelezo ya gamosa tuliyaandika upya kwa maneno ya Baideo, na kwa ombi lake tuliacha neno taulo ndani yake.

Katika ukumbi wa watoto kulikuwa na kitanda kikubwa cha mfumi cha Kiswidi, kizito kama kabati. Mkuu wa maonyesho alimwomba Baideo afume mbele ya watu siku za mwisho wa juma. Aliketi, miguu haikufika vizuri kwenye vikanyagio, akaomba tuviinue kwa vipande vya mbao. Kwa maua alihitaji vijiti vyembamba vya mwanzi vya kuinulia nyuzi. Nilizunguka maduka ya ufundi nikakosa. Yeye alikwenda duka la chakula, akarudi na pakiti ya vijiti vya kuchomea mishikaki.

"Mwanzi ni mwanzi," alisema.

Vidole vyake vilikuwa vizito mwanzoni. Alifuma, akafumua, akafuma. Nilikaa karibu naye nikitazama mgongo wake ukinyooka wiki hadi wiki. Watoto walisimama kando, na wale wenye wazazi wa Kihindi walinong'ona kwa Kiswidi, kama wa kwetu wanavyofanya. Siku moja Rupali alikuja kumchukua, akasimama mlangoni akisikiliza mlio wa kitanda kabla hajaingia. Aliniambia tulipokuwa tukingojea lifti kwamba mama yake hajaitaja tiketi tena.

Gamosa ile ilipokamilika, mkuu wa maonyesho alikuja mwenyewe kusema kwamba jumba lingependa kuihifadhi kwenye mkusanyiko. Alieleza vizuri, kwamba itatunzwa daima, penye giza na ubaridi. Baideo alisikiliza tafsiri mpaka mwisho.

"Mwambie asante sana," alimwambia binti yake. "Lakini nimeifuma nikiwa na mtu moyoni. Boksi halina shingo."

Akatembea hadi alipokuwa Birgitta, ambaye alikuwa akikusanya nyuzi zilizoanguka sakafuni, kama kawaida yake. Birgitta alikuwa mrefu mno. Ilimbidi ainame. Baideo akamvisha gamosa shingoni, akarudi nyuma hatua, akaunganisha viganja vyake kifuani. Na Birgitta wangu, aliyeninyang'anya pete siku ya kwanza, alisimama katikati ya ukumbi wa watoto bila kujua mikono yake aiweke wapi.

Alistaafu mwaka uliofuata. Nilimtembelea mara nyingi, kwani alikuwa amehamia kwenye nyumba ya wazee si mbali na kwangu. Gamosa ilikuwa pale siku zote. Mara ipo shingoni, mara ipo mgongoni pa kiti, mara amefunikia mkate. Ilikuwa na doa la kahawa ambalo hakulionea aibu. Mhudumu mmoja, dada Mkongomani aitwaye Furaha, alinikuta siku moja mlangoni, tukasalimiana kwa Kiswidi, akasikia lafudhi yangu, akabadili lugha.

"Mama, hii kitambaa ya huyu bibi iko karibu kupasuka," aliniambia. "Mie nilitaka kumletea mupya, akakatala. Ni ya dini?"

Nikamweleza ilikotoka. Akasikiliza akiwa ameshika ndoo. Tangu hapo aliifua kwa mkono, peke yake, na kuianika dirishani, na hakuna aliyemwagiza.

Birgitta alifariki majira ya kuchipua. Baideo aliposikia aliuliza mazishi ni lini, kisha akakata simu. Rupali aliniambia alikwenda kila siku kwenye kile kitanda cha mfumi cha ukumbi wa watoto, akawa haondoki mpaka wafunge milango.

Kanisani alikuja na kifurushi cha karatasi. Kasisi alikuwa ameshaambiwa, akamwashiria apite. Gamosa aliyoitandaza juu ya jeneza ilikuwa kazi yake bora kuliko zote nilizoziona. Maua yake yalikuwa madogo sana, yamepangwa bila kosa hata moja, wekundu wake mzito na tulivu juu ya pamba nyeupe. Nilikuwa nimekaa safu ya pili. Nitawaambia ukweli wenzangu, kwa sababu mnanijua. Nilikuwa nikilia, na wakati huohuo nilikuwa nikihesabu moyoni ukubwa wa boksi lake, na karatasi ya kuizungushia.

Makaburini ilikuwa baridi. Wabebaji walipoliweka jeneza juu ya kamba, mtu wa mazishi, kijana mwenye suti nyeusi na adabu nyingi, aliinama akaanza kuikunja gamosa ili airudishe kwa familia, kama wanavyofanya na nguo za kufunikia jeneza. Birgitta hakuwa na mtoto. Kijana akatafuta kwa macho ni nani wa kumpa, akaniona mimi, mtu wa makumbusho, mwanamke ambaye kazi yake yote ilikuwa kuzuia nguo zisioze. Baideo, kando yangu, alinitazama.

"Iache," nilimwambia kijana kwa Kiswidi. "Iende naye."

Akaitandaza tena, akainyoosha pembe zake vizuri, akarudi nyuma. Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya ule weupe wakati kamba zikishuka, na mikono yangu, ambayo kwa miaka yote ilikimbilia nguo yoyote inayolowa, ilibaki mfukoni.